Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Kutu na Uzima wa Mabomba ya Mafuta na Gesi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi kutu inavyodhuru mabomba ya chuma yanayosafirisha mafuta na gesi, na jinsi hatari zake zinavyoweza kufahamika mapema na kudhibitiwa. Yanarejelea matukio matatu: Carlsbad nchini Marekani (2000), Prudhoe Bay katika jimbo la Alaska nchini humo (2006) na Qingdao nchini Uchina (2013). Hoja kuu ni kwamba kutu ni mchakato wa polepole na unaoweza kupimwa. Kinachoigeuza kuwa maafa ni kutojua ilipo, kutoitazama na kutoitaja mbele ya wale wanaoishi kando yake. Maadamu kutaja ni kazi ya lugha, makala yanaonyesha pia nafasi ya Kiswahili na wanafunzi wake katika suala hili.

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwarejelea binadamu: ndugu msaliti, rafiki mnafiki au mtumishi mwizi. Hata hivyo, ni vitu vichache vinavyoafikiana na maana yake kama kutu. Kutu haiji kutoka mbali. Huzaliwa kwenye chuma chenyewe, hulishwa na chuma chenyewe, na hukila huku mwenye mali akiamini kwamba mali yake i salama.

Kutu ya jembe au ya bati la nyumba huonekana kwa macho, na mwenye jembe huamua kulipaka mafuta au kununua jipya. Kutu ya bomba lililofukiwa ardhini haionekani. Mkulima hulima juu yake, mifugo hupita, nyumba hujengwa kando, na miaka ishirini huweza kupita kabla ya yeyote kujua kwamba ukuta wa bomba umebaki mwembamba kama ganda la yai.

Suala hili si la wahandisi peke yao. Bomba la kwanza la kusafirisha mafuta yaliyosafishwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, lenye urefu wa kilomita zipatazo 450, lilianza kutumika mwaka 1978. Baadaye mtandao huo ulipanuliwa hadi Eldoret na Kisumu. Nchini Tanzania, bomba la TAZAMA limeunganisha Dar es Salaam na Ndola, Zambia, tangu mwaka 1968. Hali kadhalika, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limepangiwa urefu wa kilomita 1,443, na sehemu yake kubwa imo katika ardhi ya Tanzania. Mabomba haya hupita karibu na mashamba, malisho na makazi ya watu wengi ambao lugha yao ya kuelewana ni Kiswahili. Ikiwa elimu ya kutu itabaki katika ripoti za Kiingereza, basi wanaoishi karibu zaidi na hatari ndio watakaoifahamu kwa uchache zaidi.

Kutu ni nini?

Chuma hakipatikani ardhini kikiwa chuma safi. Hupatikana kikiwa mawe na udongo mwekundu, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Mhunzi hutumia moto mkali na makaa ili kuitenga oksijeni hiyo, naye hupata metali ngumu inayong'aa. Nguvu iliyotumika tanuruni hubaki kama deni. Chuma kikikutana na maji na hewa, hulilipa deni hilo kidogo kidogo: huungana tena na oksijeni na kurejea katika hali inayofanana na ile ya udongo mwekundu kilikotoka. Kwa maana hii, kutu ni chuma kinachorudi kwao.

Safari hiyo ya kurudi ni ya kikemikali na ya kiumeme kwa wakati mmoja. Ili itokee, mambo manne hayana budi kukutana. La kwanza ni mahali kwenye chuma ambapo atomi huachilia elektroni na kuyeyuka. Mahali hapa huitwa anodi. La pili ni mahali pengine panapozipokea elektroni hizo, yaani kathodi. La tatu ni njia ya metali inayopitisha elektroni kutoka anodi hadi kathodi, na kwa kuwa bomba lote ni metali, njia hiyo ipo tayari. La nne ni kiowevu kinachopitisha ioni, kinachojulikana kama elektroliti. Kwa kawaida huwa ni maji yenye chumvi au udongo wenye unyevu.

Inafaa kuzingatia kwamba anodi na kathodi zinaweza kuwa kwenye bomba lilo hilo, hata kwa umbali wa sentimita chache. Sehemu moja ikiwa katika udongo wa mfinyanzi usiopitisha hewa na nyingine katika mchanga wenye hewa tele, tofauti hiyo pekee yatosha kuzua mkondo wa umeme. Sehemu iliyonyimwa hewa ndiyo huliwa.

Mambo haya manne ni ufunguo wa mada nzima. Likiondolewa moja tu kati yake, ulaji hukoma. Kinga zote zitakazojadiliwa hapa chini, ziwe rahisi au ghali, ni mbinu za kuondoa au kudhoofisha mojawapo ya manne hayo.

Jina moja, maadui wengi

Neno "kutu" hutumiwa kwa mapana katika mazungumzo ya kila siku, lakini mtaalamu hulazimika kubainisha. Kwanza, kuna kutu ya nje na kutu ya ndani. Ya nje hutokana na udongo, maji ya ardhini na mikondo ya umeme inayopotea njia. Ya ndani hutokana na kile kinachobebwa. Mafuta safi hayadhuru chuma kwa kiwango kikubwa. Adui ni maji yanayosafiri pamoja nayo. Gesi ya kabonidioksaidi ikiyeyuka katika maji hayo hufanya asidi. Gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, huzidisha ubaya huo. Zaidi ya hayo, wapo bakteria wanaoishi chini ya matope yaliyotuama bombani, mahali pasipo na hewa, na shughuli za uhai wao huzalisha kemikali zinazokila chuma.

Pili, kuna ulaji wa jumla na ulaji wa vishimo. Ulaji wa jumla hupunguza unene wa ukuta kila mahali kwa kiwango kinachokaribiana. Huo hupimika na kutabirika kwa urahisi kiasi. Ulaji wa vishimo huacha sehemu kubwa ya bomba ikiwa salama lakini hutoboa mahali padogo kama ncha ya kalamu. Mtu akipima unene mahali kumi na vishimo viwe mahali pa kumi na moja, ataandika ripoti njema kuhusu bomba linaloelekea kutoboka.

Tatu, kuna ulaji unaoungana na mkazo. Chuma chenye shinikizo kubwa, katika mazingira fulani ya kemikali, hupata nyufa nyembamba zinazoenea kidogo kidogo. Hapa methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hupata maana halisi, isipokuwa kwamba katika bomba la gesi huenda usipate fursa ya kuujenga huo ukuta.

Carlsbad, 2000: maji yaliyojificha

Tarehe 19 Agosti 2000, saa kumi na moja na dakika 26 alfajiri, bomba la gesi asilia lenye kipenyo cha inchi 30 lilipasuka kando ya mto Pecos, karibu na mji wa Carlsbad katika jimbo la New Mexico. Gesi iliyotoka iliwaka moto kwa dakika 55. Watu 12 wa jamaa moja, wakiwemo watoto, walikuwa wamepiga kambi chini ya daraja lililobeba mabomba kuvuka mto huo. Wote walifariki.

Bodi ya taifa ya usalama wa uchukuzi ya Marekani ilichunguza mkasa huo. Ilibaini kwamba chanzo kilikuwa kutu ya ndani. Bomba lilikuwa limejengwa mwaka 1950, na ukuta wake ulipaswa kuwa na unene wa milimita 8.5 hivi. Katika baadhi ya sehemu, asilimia 72 ya unene huo ilikuwa imeliwa. Kilichobaki hakikuweza kuhimili shinikizo.

Swali linaloibuka ni hili: maji yalifikaje ndani ya bomba la gesi kavu? Gesi haiwi kavu kabisa. Unyevu kidogo huandamana nayo, nao hutafuta bonde kama maji yoyote. Pale bomba linapoinama, maji hutuama na huwa dimbwi dogo lenye chumvi na bakteria. Bomba la Carlsbad lilikuwa na chombo cha kuyanasa maji hayo kabla ya mahali palipopasuka, lakini chombo hicho kilikuwa kimeziba kwa sehemu, hivyo maji yaliweza kukipita na kutuama mbele yake. Fauka ya hayo, sehemu iliyopasuka haikuwa imejengwa kwa namna ya kupitisha vyombo vya kusafishia na kukagulia. Uchunguzi ulilaumu mpango wa kampuni wa kudhibiti kutu, ambao haukuzuia wala kugundua ulaji huo, na ulitaja pia udhaifu wa ukaguzi wa serikali.

Funzo la Carlsbad ni kwamba kutu haienei kwa usawa. Inayo makao yake: mahali pa chini, kwenye kona, chini ya matope, kwenye vijitawi visivyo na mkondo. Anayetaka kuifahamu hatari hana budi kujiuliza kwanza maji yatakaa wapi.

Prudhoe Bay, 2006: asiyetazama haoni

Mnamo tarehe 2 Machi 2006, mfanyakazi mmoja katika eneo la mafuta la Prudhoe Bay, kaskazini mwa Alaska, alinusa harufu ya mafuta ghafi. Ilibainika kwamba mafuta yalikuwa yakivuja kwa siku kadhaa chini ya theluji. Zaidi ya galoni 200,000 zilikuwa zimemwagika kwenye ardhi ya baridi kali ambayo huchukua miaka mingi kupona. Tundu lililoruhusu yote hayo lilikuwa dogo ajabu, lenye ukubwa wa milimita 6 kwa 12 hivi.

Bomba hilo lilikuwa la kampuni ya BP. Lilikuwa pana kuliko ilivyohitajika kwa kiasi cha mafuta kilichokuwa kikipita wakati huo, kwani uzalishaji ulikuwa umepungua kadiri miaka ilivyosonga. Mafuta yalipita polepole, na matope yakapata nafasi ya kutulia chini. Chini ya matope hayo, ulaji uliendelea bila kuonekana. Mara ya mwisho bomba hilo kukaguliwa kwa chombo maalumu kinachopita ndani ilikuwa mwaka 1998, miaka minane kabla ya kutoboka. Mnamo Agosti mwaka 2006, baada ya kutu zaidi kugunduliwa upande mwingine wa eneo hilo, kampuni ililazimika kusimamisha sehemu kubwa ya uzalishaji. Mwaka 2007 ilikiri kosa mbele ya mahakama chini ya sheria ya kulinda maji, na ikatakiwa kulipa jumla ya dola milioni 20.

Mkasa huu unafundisha jambo ambalo huwaponyoka wengi. Hatari ya bomba hubadilika hata bomba lenyewe lisipoguswa. Kasi ya mafuta ikipungua, maji yakiongezeka, au kisima kikizeeka, hesabu ya jana haifai tena leo. Mpango wa ukaguzi uliokuwa sahihi mwaka bomba lilipozinduliwa unaweza kuwa hatari miaka ishirini baadaye.

Qingdao, 2013: saa nane za ukimya

Tukio la tatu linahusu kilichotokea baada ya bomba kutoboka. Usiku wa kuamkia tarehe 22 Novemba 2013, yapata saa nane, bomba la mafuta ghafi lilianza kuvuja katika mji wa pwani wa Qingdao nchini Uchina. Lilitoboka mahali lilipokatiza mtaro wa maji ya mvua, ambapo hewa yenye unyevu na chumvi ilikuwa imeula ukuta wake. Mafuta yaliingia mtaroni na kuenea chini ya barabara. Mvuke wake ulijaa katika nafasi iliyofunikwa kwa zege.

Wafanyakazi walifika kukarabati. Yapata saa nne na nusu asubuhi, walipokuwa wakivunja kifuniko cha mtaro kwa nyundo ya mashine isiyokuwa na kinga dhidi ya cheche, mvuke ulilipuka. Watu 62 walifariki na wengine 136 kujeruhiwa. Kati ya kuvuja na kulipuka palikuwa na muda wa zaidi ya saa nane. Katika muda huo, wakazi hawakuondolewa. Wengi walikuwa majumbani na barabarani wakiendelea na shughuli zao bila kujua kilichokuwa chini ya miguu yao.

Kutu ndiyo iliyotoboa bomba la Qingdao, lakini ukimya wa saa nane ndio uliozidisha idadi ya makaburi. Ni muhimu kuyatenganisha mambo haya mawili, kwa kuwa la kwanza hutibiwa kwa uhandisi, ilhali la pili hutibiwa kwa maneno.

Silaha za kinga

Kinga ya kwanza ni mpako. Bomba hufunikwa kwa tabaka la plastiki au epoksi ili chuma kisigusane na unyevu. Hata hivyo, hakuna mpako usio na dosari. Jiwe moja lenye ncha wakati wa kulifukia bomba latosha kuuchubua. Tena mpako uliobanduka bila kupasuka ni mbaya zaidi, kwa sababu maji hupenya chini yake na kujificha.

Kwa ajili ya dosari hizo, hutumiwa kinga ya pili, yaani kinga ya kathodi. Mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy alieleza wazo hili mwaka 1824 alipokuwa akishughulikia merikebu za kivita ambazo sehemu zao za chini zilifunikwa kwa shaba. Aliunganisha shaba hiyo na vipande vya zinki au chuma, navyo vikaliwa badala ya shaba. Shaba ilisalimika kweli, ila ikaacha kutoa sumu yake majini, na kombe na mwani vikaota juu yake hadi merikebu zikapunguza mwendo. Hata tiba nzuri huhitaji kutazamwa matokeo yake.

Katika mabomba ya leo, vipande vya zinki au magnesi hufukiwa kando ya bomba na kuunganishwa nalo kwa waya. Vipande hivi vinaweza kuitwa anodi za kafara, na jina hilo linafaa mno: hutolewa ili vingine vipone. Kwa mabomba marefu, umeme huelekezwa kwenye bomba kutoka mtambo maalumu. Kipimo kinachokubalika na wengi ni kwamba bomba la chuma ardhini liwe na volti hasi ya angalau milivolti 850 likilinganishwa na elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba. Mtambo ukizimika au nyaya zikiibwa, kinga hiyo hukoma papo hapo, ingawa hakuna anayeona tofauti yoyote juu ya ardhi.

Kinga ya tatu ni ya ndani: kuondoa maji, kutia kemikali za kuzuia kutu, na kufagia matope. Ufagiaji hufanywa kwa chombo kinachosukumwa na mafuta yenyewe kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho. Wahandisi wa Magharibi walikipa lakabu ya nguruwe. Kuna nguruwe wa kufagia, na kuna nguruwe mwenye vifaa vya sumaku au vya mawimbi ya sauti anayepima unene wa ukuta wakati anapopita. Huyu wa pili ndiye mpelelezi anayerudi na habari za mahali macho yasipofika.

Kukadiria hatari

Hakuna kampuni yenye uwezo wa kufukua bomba lote kila mwaka. Kwa hivyo usimamizi wa mabomba ni sanaa ya kuchagua pa kutazama kwanza. Uchaguzi huo hutegemea maswali mawili: kuna uwezekano gani wa bomba kutoboka hapa, na likitoboka, litamdhuru nani?

Chukua mfano wa kubuni. Ukuta una unene wa milimita 8, na vipimo viwili vya miaka tofauti vinaonyesha kwamba unapungua kwa milimita 0.2 kila mwaka. Ikiwa bomba linahitaji angalau milimita 5 ili kuhimili shinikizo, basi limebakiwa na milimita 3 za kuliwa, yaani miaka 15. Mwangalifu hasubiri mwaka wa 15. Kanuni itumiwayo na wengi ni kukagua tena kabla nusu ya umri uliosalia haijapita, kwa sababu kasi ya ulaji inaweza kubadilika.

Swali la pili huhusu watu. Kishimo cha kina kilekile jangwani na kando ya shule si hatari sawa. Maafa ya Carlsbad yalichangia kupitishwa kwa sheria mpya ya usalama wa mabomba nchini Marekani mwaka 2002. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mabomba ya gesi yaliyo karibu na makazi na mikusanyiko ya watu yalipaswa kukaguliwa yote ndani ya miaka 10, kisha kurudiwa kila baada ya miaka isiyozidi 7.

Nafasi ya Kiswahili

Hadi hapa ni bayana kwamba kufahamu kutu kunahitaji upambanuzi, na upambanuzi huhitaji istilahi. Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa na wanafunzi wa Kiswahili.

La kwanza ni neno kutu lenyewe. Katika mazungumzo, kutu ni ile tope nyekundu inayoonekana. Lakini ulaji wa metali huweza kutokea bila wekundu wowote. Kuna haja ya kutenga istilahi ya mchakato na ya matokeo yake. Kitenzi kula, katika hali ya kutendeka, hutupa kulika, na kutoka hapo nomino ulikaji. Kwa njia hii, ulikaji utakuwa mchakato na kutu itakuwa mojawapo ya mazao yake. Umbo hili lina faida ya kueleweka hata na asiyekwenda shule, kwa kuwa Waswahili husema tangu jadi kwamba chuma kimeliwa na kutu.

La pili ni neno hatari. Kiingereza hutenga kitu chenye uwezo wa kudhuru na kipimo cha uwezekano na ukubwa wa dhara hilo. Kiswahili cha kila siku hutumia hatari kwa yote mawili. Ubao ulioandikwa "Hatari" husema kwamba kuna jambo, lakini hauelezi ni jambo gani, lina uzito gani wala afanye nini anayeusoma. Pengine si lazima kuunda neno geni. "Hatari" na "kiwango cha hatari" vyatosha, mradi waandishi wavitumie kwa uthabiti.

La tatu ni uzima. Wahandisi huzungumzia sifa ya bomba kutokuwa na dosari inayohatarisha kazi yake. Wapo wanaoitafsiri sifa hiyo kama uadilifu, tafsiri inayochekesha, kwani bomba halina maadili. Kiswahili kina kivumishi -zima, kinachobeba maana ya kutopungua, kutovunjika na kuwa na afya. Usimamizi wa uzima wa mabomba ni istilahi inayojieleza yenyewe.

Hoja hizi si za kinadharia tu. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli iliyovuja iliingia mtaroni na kufika katika mtaa wa Mukuru kwa Sinai, Nairobi. Wakazi walikimbilia kuichota kwa ndoo na mitungi. Moto ulipozuka, watu wapatao 100 au zaidi walifariki. Mkasa huo hautajwi hapa kama mfano wa kutu, bali wa kinachofuata pale mafuta yanapowafikia watu kabla ya habari. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, husema methali, na kwa mtu maskini ndoo ya petroli ni nafuu kweli. Kumlaumu bila kumwelimisha ni kumdhulumu mara mbili. Mwaka 2015, mafuta kutoka kwenye bomba la Mombasa hadi Nairobi yalichafua maji na udongo wa eneo la Thange, kaunti ya Makueni, na wakulima wa huko wakabaki na visima wasivyoweza kuvitumia.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Inatoa pia haki ya kupata habari na haki ya mazingira safi. Haki hizi zikiunganishwa, tangazo la Kiswahili kando ya bomba halistahili kuwa neno moja jekundu. Linaweza kusomeka hivi:

"Chini ya ardhi hii mnapita bomba la petroli. Ukisikia harufu ya petroli kisimani au mtaroni, ukiona majani yamekauka ghafla wakati wa mvua, au maji yana utando wenye rangi nyingi, usichote. Usiwashe moto, pikipiki wala taa. Ondoka mara moja ukielekea upande upepo unakotoka, waonye majirani, kisha ukiwa mbali piga simu kwa nambari iliyo hapa."

Maneno hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji mtu anayeijua mada na anayeijua lugha.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kutu ni mchakato wa asili ambao hauwezi kufutwa, bali unaweza kucheleweshwa, kupimwa na kusubiriwa kwa macho. Huko Carlsbad, maji yalituama mahali pasipokaguliwa. Huko Prudhoe Bay, miaka minane ilipita bila mpelelezi kupita bombani. Huko Qingdao, habari zilichelewa kuliko mvuke. Katika kila tukio kulikuwa na fursa ya kuokoa, nayo ikapita.

Wanafunzi wa Kiswahili hawatapaka mabomba rangi wala hawatasoma mikondo ya umeme ardhini. Lakini wanaweza kutafsiri miongozo ya usalama, kuandaa vipindi vya redio, kusanifisha istilahi pamoja na wahandisi na kuandika matangazo ambayo mama wa Thange na kijana wa Mukuru watayaelewa kwa kusoma mara moja. Kikulacho hakiwezi kutolewa nguoni kabla ya kutajwa kwa jina lake.